Usiuze kwa Kilo Kitu Chenye Kazi



Katika vijiji vyetu hupita mtu mwenye pikipiki au mkokoteni. Ana gunia, ana kamba, na ana mizani ya kuning'iniza. Anapaza sauti: "Chuma chakavu! Sufuria mbovu! Betri! Leteni!" Watoto wanamkimbilia. Mama anakumbuka sufuria iliyotoboka. Baba anakumbuka baiskeli iliyolala nyuma ya nyumba. Vitu vinatolewa, vinafungwa kamba, vinaning'inizwa kwenye mizani. Fedha zinalipwa papo hapo. Mtu yule anaondoka.

Mtu huyu si adui yetu. Anafanya kazi, na kazi yake ina faida kwa nchi. Chuma anachokusanya kinakwenda kiwandani. Huko kinayeyushwa na kutoka nondo za kujengea nyumba. Tusipomuuzia yeye, vipande vilivyokufa kabisa vitalala uani, na watoto watakatwa miguu. Kwa hiyo sina ugomvi naye.

Maneno yangu leo ni kwetu sisi tunaomletea vitu. Tunamletea vitu vilivyokufa, na hilo ni jema. Lakini tunamletea pia vitu vilivyo hai. Tunauza kwa kilo kitu ambacho bado kina kazi.

Fikiri juu ya mizani. Mizani ni chombo kizuri, lakini inajua jambo moja tu, nalo ni uzito. Ukining'iniza jiwe la kilo tano, inasema tano. Ukining'iniza kichwa cha cherehani cha kilo kumi na mbili, inasema kumi na mbili. Haisemi kwamba kichwa kile kinaweza kushona sare za watoto wote wa kijiji. Haijui. Anayejua ni wewe mwenye kitu.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo katika vijiji vya Ufipa. Nimeona mambo mengi katika nyua za watu, lakini jambo lililonigusa kuliko yote ni la plau.

Katika darasa moja kuna mama mwenye maksai wawili. Plau yake ilikuwa haifanyi kazi vizuri. Ilipita juu juu ya udongo. Haikuzama. Maksai walichoka, na mtu wa kushika mikono ya plau alichoka zaidi. Mama akaona plau imekufa. Mwezi wa Februari mahindi ghalani yalikwisha. Wote tunaijua miezi hiyo. Mahindi ya shamba bado mabichi, na ya zamani hayapo. Mnunuzi wa chuma akapita.

"Shikamoo mama. Huna chuma hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Ipo plau, lakini ni mbovu."

"Mbovu ndiyo ninayoitaka, mama."

Plau ikapimwa. Mama akapata fedha za kununua mahindi. Yakaliwa, yakaisha. Ulipofika mwezi wa Novemba mvua za kwanza zilinyesha. Maksai walikuwa zizini, wamenenepa, hawana kazi. Mama alikwenda kuomba plau kwa majirani. Kila jirani alimwambia, "Subiri mama, nimalize kwangu kwanza." Alisubiri. Alipanda kwa kuchelewa, na mwenye shamba anajua mahindi yaliyochelewa kupandwa yanavyovunwa.

Sasa tuitazame plau ile. Plau ya maksai ina boriti ndefu ya chuma. Ina mikono miwili ya kushika na gurudumu dogo mbele. Ina bamba lililopinda linalopindua udongo. Na chini kabisa ina ncha inayokata udongo. Ncha hii imefungwa kwa bolti. Ilifungwa kwa bolti kwa sababu maalumu: watengenezaji walijua kwamba itaisha. Kila siku inasuguana na mchanga na mawe. Mikono haisuguani na kitu. Boriti haisuguani na kitu. Kwa hiyo ncha inaweza kuisha mara nyingi, na boriti ikabaki imara miaka thelathini.

Plau inayopita juu juu mara nyingi ina tatizo hilo tu. Ncha imeliwa, imekuwa butu na fupi. Fungua bolti, toa ncha ya zamani, funga mpya. Kama ncha mpya haipatikani dukani, mhunzi anaweza kuipasha moto ile ya zamani, akaifua na kuirefusha kidogo. Plau nyingi zilizobaki vijijini ni za zamani. Wazee wanakumbuka zile zilizotoka UFI ya Ubungo, Dar es Salaam, na ZZK ya Mbeya. Ni chuma kizuri. Zimezika wenye nazo, na bado zinalima kwa watoto wao.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu pia ni kisomo. Bei nitakazotaja ni za mfano. Wewe weka bei za kijijini kwenu.

Tuseme plau ina uzito wa kilo 32. Tuseme mnunuzi analipa shilingi 500 kwa kilo moja. Zidisha: 32 mara 500 ni shilingi 16,000. Hizo ndizo fedha za plau nzima. Sasa tuseme ncha mpya ni shilingi 15,000. Umeona? Plau nzima imeuzwa karibu kwa bei ya ncha moja. Tena tuseme kukodi plau ya jirani ni shilingi 20,000 kwa eka. Mwenye eka mbili atalipa 40,000 msimu mmoja. Msimu wa pili atalipa tena 40,000. Lakini zile 16,000 hazitarudi mara ya pili.

Najua utasema nini, ndugu msomaji. Utasema, "Afisa, wewe una mshahara. Njaa haingojei ncha ya plau." Neno hilo ni kweli, na sitalipuuza. Mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa atunze chuma. Lakini hata siku ile ya njaa kulikuwa na njia nyingine. Kuna jirani mwenye maksai asiye na plau nzuri. Mama angeweza kumwambia: "Nunua ncha, tuitumie plau hii pamoja. Nikopeshe debe mbili za mahindi leo. Msimu ukifika, tutaanza shamba lako." Au angeweza kumuuzia mkulima mwenzake plau ile kama plau, na kupata fedha zaidi ya zile za kilo. Mkulima angeijua thamani yake. Njia hizi zinahitaji siku mbili au tatu za kuzungumza na watu. Mnunuzi wa chuma anahitaji dakika kumi tu. Hapo ndipo anapotushinda.

Jambo hili si la plau peke yake. Chukua baiskeli. Baiskeli kubwa nyeusi za Phoenix tunazopakia magunia ya mkaa zina uzito wa kilo ishirini au zaidi. Ikigongwa na gari na fremu ikapinda, mwenyewe huona imekwisha. Anaiuza yote kwa kilo. Lakini gari haikugonga pedeli. Haikugonga kiti, wala keria, wala cheni, wala gurudumu la nyuma. Pale penye mti mkubwa katika kila gulio hukaa fundi baiskeli. Fundi yule kila siku anatafuta vitu hivyo, na wateja wake hawana fedha za kununua vipya. Mpelekee baiskeli iliyopinda kabla ya kumwita mwenye mizani. Muulize kila kipande atakinunua kwa bei gani. Atakavyoviacha, peleka kwenye mizani. Fremu iliyopinda ni chuma chakavu kweli, na iende.

Mabati ya zamani nayo ni hivyo hivyo. Mtu akibahatika kuezeka upya, mabati yenye kutu na matundu huyauza. Bati lenye matundu ya misumari halifai tena juu ya kitanda chako. Linafaa juu ya banda la kuku. Linafaa kuzungushia choo. Kata bati, likunje liwe kama faneli kubwa, na livishe kila mguu wa ghala la mahindi, kutoka chini kiasi cha kimo cha kiuno. Panya anapanda mguu, anafika kwenye bati, anateleza, anarudi chini. Najua watu waliouza mabati kwa kilo, halafu wakanunua sumu ya panya.

Kuna vitu vingine vilivyotengenezwa zamani kwa makopo ambavyo sivisifii. Koroboi, kwa mfano. Ni kopo la zamani lililofanywa taa. Imetusaidia kusoma, lakini moshi wake unaumiza vifua, na imeunguza watoto na nyumba. Mwenye uwezo wa kupata taa ndogo ya jua aiache koroboi bila majonzi.

Sasa nizungumze juu ya springi za magari. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalohusu kazi ya mababu zetu.

Watu wa nchi hii waliyeyusha chuma kabla ya meli za wageni kufika. Buhaya, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Hapa Ufipa wazee walijenga tanuru za udongo ndefu kupita kimo cha mtu. Waliziita malungu. Mabaki ya baadhi yake yapo mpaka leo porini, na ukiwauliza wazee watakuonyesha. Baadaye majembe ya Ulaya yalijaa madukani kwa bei rahisi. Moto wa malungu ukazimika. Lakini wahunzi hawakuzimika. Waliacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua chuma cha magari.

Chuma walichokipenda kuliko vyote ni springi, yale mabamba marefu yanayokaa chini ya Land Rover au lori. Kwa nini springi? Kwa sababu chuma si kimoja. Nondo ya kujengea ni chuma laini. Ukiifanya shoka, itapinda au makali yake yatalala. Chuma cha springi kina kaboni zaidi. Mhunzi akikipasha moto, akakifua na kukizamisha katika maji au mafuta kwa ustadi, kinakuwa kigumu na makali yake hayalali. Kwa springi hutoka shoka, panga, tezo, jembe na kisu cha kuchinjia. Bomba la maji au sufuria ya chuma ya kumimina haviwezi kufanya hivyo. Chuma cha kumimina ukikigonga kwa nyundo kinavunjika kama chungu.

Lakini je, mizani inajua tofauti hii? Haijui. Kilo moja ya springi na kilo moja ya bomba lenye kutu zinalipwa sawa. Kwa hiyo kila springi inayopanda pikipiki ya mnunuzi ni mashoka kadhaa yaliyoondoka kijijini. Halafu tunakwenda dukani kununua shoka linalopinda katika mti wa kwanza.

Tena kumbuka jambo hili. Mhunzi hayeyushi chuma. Anakipasha tu mpaka kiwe chekundu, kisha anakigonga. Ili chuma kiyeyuke kinahitaji joto la nyuzi 1,500 hivi, na moto wa mkaa wa mivukuto yake haufiki huko. Ndiyo maana chuma kikiondoka kijijini kama springi, hakirudi kama springi. Kitarudi kama nondo, nasi tutainunua.

Vivyo hivyo ekseli za magari. Gari lililokufa kando ya barabara watu hulikata vipande na kuviuza. Lakini ekseli yake na magurudumu yake mawili, ukiweka mbao juu, ni mkokoteni wa maksai. Mkokoteni huo unabeba mavuno, unabeba maji, na siku ya shida unabeba mgonjwa mpaka zahanati. Mikokoteni mingi unayoiona njiani ilianza maisha yake chini ya gari.

Mpaka hapa nimesema juu ya vitu vyetu wenyewe. Mwenye plau ana haki ya kuiuza hata kama nitasikitika. Lakini viko vitu ambavyo hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuviuza.

Najua kijiji kimoja kilichokuwa na pampu ya mkono ya maji, aina ya Afridev. Pampu hii ilibuniwa miaka ya 1980 kwa shabaha kwamba wanakijiji waitengeneze wenyewe. Kazi nyingi za kuitengeneza zinahitaji spana moja tu. Kinachoisha ndani yake ni mpira unaozuia maji yasirudi chini, na bushi za plastiki. Pampu ile ilikoma kutoa maji. Watu walisema, "Imekufa." Kamati ya maji haikukutana. Wanawake walirudi mtoni. Baada ya miezi, asubuhi moja, mpini wa pampu haukuwepo. Siku chache baadaye kichwa chake kikatoweka. Fundi wa wilaya alipokuja na kuvuta vyuma vya ndani, alikuta mpira umeisha. Mpira tu. Lakini sasa hapakuwa na kitu cha kuufungia.

Nani aliiba? Sijui. Lakini wa kwanza kuiua pampu ile hakuwa mwizi. Ni sisi tuliosema imekufa, tukaiacha wazi miezi mingi bila kuuliza ni sehemu gani iliyougua. Kitu kilichosimama bila kazi kinaonekana hakina mwenyewe.

Tukiona hili ni dogo, tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za chuma za laini kubwa ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka. Sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani. Serikali ilisema nguzo zile zilihujumiwa. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu nchini mwake. Kenya ilikuwa tayari na sheria ya biashara hiyo tangu mwaka 2015, lakini vyuma vya umma viliendelea kuibwa. Marufuku iliondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule, pamoja na masharti mapya. Fikiri juu ya wakusanyaji wadogo waaminifu katika miezi ile. Hawakuiba nguzo, lakini nao walikosa chakula.

Kwa hiyo ukiona mtu analeta kwenye mizani alama ya barabarani, mfuniko wa mtaro, chuma cha daraja au kipande cha reli, usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Na mnunuzi naye anatakiwa kuwa na kibali. Mwombe akuonyeshe. Wewe sasa unajua kusoma. Soma jina lililoandikwa na tarehe ya mwisho ya kibali.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu nisingependa mtu atoke hapa na kusema, "Afisa ametuambia tusitupe kitu." Sikusema hivyo. Kuna vitu ambavyo kuvitumia tena ni kujiua polepole.

Cha kwanza ni pipa au galoni lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu. Ni zuri, ni imara, lina mfuniko. Watu huliosha kwa sabuni, wakalitumia kwa maji ya kunywa au pombe. Usifanye hivyo kamwe. Dawa imeingia katika kuta za chombo na sabuni haiitoi. Likiisha dawa, lisuuze mara tatu kwa maji, na maji hayo yamwage ndani ya bomba lako la kunyunyizia, uyanyunyize shambani. Kisha toboa chombo ili mtu mwingine asishawishike kukitumia. Usikichome moto, kwa sababu moshi wake nao ni sumu. Mwulize bwana shamba pa kukipeleka.

Cha pili ni betri ya gari au ya taa za jua. Ndani yake kuna tindikali na madini ya risasi. Risasi inayeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, yaani hata moto wa jikoni unatosha. Kwa sababu hiyo watu huivunja betri, wakayeyusha risasi nyumbani ili watengeneze vizito vya nyavu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini mwa watoto na kuharibu ubongo wao. Mtoto hataanguka siku ile. Atakuwa mzito wa kujifunza, nawe utamlaumu mwalimu. Betri iliyokufa usiifungue. Usimwage tindikali yake kisimani wala shambani. Muuzie mnunuzi mwenye kibali ikiwa nzima. Hapa mizani ndiyo njia bora.

Cha tatu kitawaudhi mafundi, lakini nitakisema. Sufuria za kumimina hutengenezwa mitaani kwa kuyeyusha alumini ya zamani. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, kwa hiyo moto wa mkaa unaiweza. Kazi hiyo ni ya ustadi na inalisha familia nyingi. Lakini fundi akitia ndani ya chungu chake vipande vya injini, redio na kila king'aacho, hajui anachopika. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo nchini Kameruni ulionyesha kwamba risasi inaweza kutoka kwenye sufuria wakati wa kupika. Fundi mwema atumie alumini ya sufuria na nyaya peke yake, na vipande vya injini avifanyie kazi nyingine, kama vile miguu ya viti.

Na ukiamua kuuza kwa kilo, uza kwa macho yaliyo wazi. Mizani nyingine za kuning'iniza zimechoka, na nyingine zimechezewa. Mizani ya biashara inatakiwa ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa alama. Tafuta alama hiyo. Tena unaweza kuijaribu mwenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chukua ndoo ya lita ishirini, ijaze maji mpaka alama ya ishirini, uitundike. Mizani iseme ishirini na kidogo, kwa ajili ya uzito wa ndoo yenyewe. Ikisema kumi na sita, mwambie mnunuzi kwa upole, "Kijana wangu, mizani yako ina kiu." Halafu rudisha chuma chako ndani.

Katika darasa moja tulifanya jambo ambalo ningependa na ninyi mlijaribu. Tulikuwa tunajifunza kuandika matangazo. Mzee mmoja alikuwa na cherehani ya miguu ya marehemu mkewe. Meza yake ilikuwa imeliwa na mchwa, na mnunuzi wa chuma alikwisha kuiulizia mara mbili. Tukamwambia, "Mzee, kabla hujampa, liandike tangazo la somo la leo juu ya cherehani hiyo." Akaandika polepole, akafuta, akaandika tena:

NAUZA KICHWA CHA CHEREHANI.
KINASHONA. NJOO NA KITAMBAA UKIJARIBU.
MEZA IMELIWA NA MCHWA. MKANDA HAKUNA.
NYUMBA YA TATU BAADA YA KISIMA.

Wenzake wengine walimshauri afute mstari wa mchwa. Walisema utafukuza wateja. Mzee alikataa. Alisema mtu atakayekuja ataiona meza kwa macho yake, na kama alifichwa atashuku hata kichwa. Nilikubaliana naye. Tangazo la kitu kilichotumika lazima liseme kilicho kizima na kilicho kibovu. Mnunuzi wa kitu kikuukuu anaogopa asichokijua kuliko anachokijua.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Siku ya gulio alikuja fundi nguo kutoka kijiji cha pili. Yeye alikuwa na meza nzima ya cherehani, na kichwa chake kilianguka kutoka juu ya basi na kupasuka. Alijaribu kushona kipande cha kanga, akasikiliza mlio, akalipa. Hakuuliza kilo. Mzee alichonga kuni meza ile ya mchwa, na miguu yake ya chuma ameiweka chini ya bamba la mbao. Sasa ni meza ya kulia chakula.

Ubao wa ofisi ile kwa sasa una matangazo mengine matatu. Moja ni la keria ya baiskeli, moja ni la mabati kumi na moja yenye matundu, na moja ni la mtu anayetafuta beringi ya mkokoteni. Lile la mabati limeandikwa na mama ambaye mwaka jana alikuwa anatia sahihi kwa dole gumba.